Kijijini, chumba cha uani au kwake mwenyewe: mzee mwenye presha na sukari akae wapi maradhi ya mlipuko yakiingia Kigoma

Machi 2020, siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini tarehe 16, tulikaa kikao cha ukoo barazani kwetu Ujiji. Ajenda ilikuwa moja: bibi. Alikuwa na miaka 74, presha ya siku nyingi, na sukari aliyogundulika nayo akiwa mtu mzima. Mjomba alitaka apelekwe kijijini, kule kaskazini mwa ziwa, njia ya kwenda Kagunga. "Kuna hewa, hakuna watu," alisema. Mama alitaka abaki, atengewe chumba cha uani. Bibi mwenyewe alikuwa pembeni anachambua mchicha, kimya. Tulipomaliza akanigeukia mimi, mjukuu wake: "Mke mwenzangu, mnanigawa kama urithi na bado nipo."

Tulimpeleka kijijini. Baadaye tukamrudisha, na mwanzoni mwa 2021, watu walipoanza tena kuzungumzia "changamoto ya upumuaji", yaani korona kwa jina la kuzunguka, alikaa chumba cha uani. Kipindi hichohicho jirani yetu, mwalimu mstaafu aliyefiwa na mkewe, aligoma kuhama nyumbani kwake akahudumiwa na mtaa. Kwa hiyo njia zote tatu nimeziona, mbili ndani ya familia yetu wenyewe. Nazilinganisha kwa ajili ya familia itakayokaa kikao kama kile, maana sisi tulichagua kwa swali lisilo lake. Tuliuliza ni wapi ugonjwa hautamfikia bibi. Hatukuuliza akizidiwa saa nane usiku ni nani atakayemfikia.

Kijijini

Hoja ya mjomba ilikuwa na uzito. Korona husambaa zaidi pale watu wanapovuta hewa moja ndani ya chumba kilichofungwa. Mzee anayeshinda chini ya mwembe ana nafuu kuliko anayeshinda sebuleni na wajukuu sita. Kijijini kuna uwanja, kuna kivuli, muhogo uko shambani, na hakuna msongamano wa soko la Mwanga wala kubanana kwenye daladala. Wiki za kwanza bibi alinawiri kabisa.

Ila kufika huko kuna bei yake. Boti za Kibirizi haziondoki mpaka zijae. Tulikuwa tumemkinga kwa wiki kadhaa, halafu kwa mikono yetu tukamkalisha saa nyingi katikati ya abiria na magunia. Na alipofika, kijiji kizima kilikuja kumwamkia. Sisi Waha salamu zetu hazina haraka: mkono unashikwa, unaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za shamba, na muda wote huo mkono haujaachiwa. Dalili za korona zinaweza kuchelewa hadi siku 14, kwa hiyo sisi tuliotoka mjini tukiwa wazima wa afya ndio tulioweza kuwapelekea wazee wa kule. Ukiamua kijijini, mzee na aliyemsindikiza wakae kando siku hizo 14, wasalimiwe kwa mbali, na wenyeji waambiwe mapema kwa nini, wasije wakadhani wamedharauliwa.

Kilichotushinda hasa ni dawa. Bibi alikuwa anameza amlodipini ya presha na metfomini ya sukari, akaondoka na za siku 30 tukiamini nyingine zitafuata kwa boti. Wiki ya tano ziwa lilichafuka. Zahanati iliyokuwa karibu naye haikuwa na dawa yake ya presha. Siku sita hakumeza. Siku ya saba shangazi alipanda mlimani kutafuta mtandao, akatuambia bibi anaumwa kichwa na akisimama anayumba. Tulipompata mjini presha ilisoma 190 kwa 110.

Korona haikumgusa. Kilichotaka kumletea kiharusi ni kidonge kidogo cheupe kilichobaki ng'ambo ya mawimbi.

Chumba cha uani

Mara ya pili tulijipanga. Chumba kilikuwa stoo ya magunia ya mkaa. Tuliyatoa, tukapiga deki, tukamwomba fundi atoboe dirisha la pili ukutani mkabala na la kwanza, hewa iingie huku itokee kule. Hilo dirisha la pili lilisaidia kuliko vitakasa mikono vyote tulivyonunua. Chumba chenye dirisha moja, mlango umefungwa na pazia zito limeshushwa, hakimkingi mzee, kinamfungia pamoja na pumzi ya kila anayeingia.

Nje ya mlango tuliweka ndoo ya maji tiririka na sabuni ya mche iliyofungwa kwenye kamba ili isipotee. Asiye na ndoo yenye bomba atengeneze kibuyu chirizi: dumu la lita 5, kijiti cha kukanyaga, kamba, tundu la msumari. Kunawa kwenyewe ni sekunde 20, viganja, vidole na kucha. Bibi alikuwa na sahani yake, kikombe chake na taulo lake. Choo kilikuwa cha wote, na hapo hatukuwa na ujanja zaidi ya kumpa zamu ya kwanza asubuhi na kupafuta kwa maji yenye klorini.

Kanuni iliyotubeba ilikuwa ya mtu mmoja: mhudumu ni mimi peke yangu. Mama alikuwa anauza dagaa sokoni, anakutana na watu mia kwa siku, kwa hiyo alikubali kutoingia. Mimi nilivaa barakoa kila nikivuka kizingiti, hata kupeleka chai tu. Nikihisi mafua, binamu yangu aliyekuwa anashinda nyumbani ananipokea. Watu huliona hili kama kumtenga mzee. Kwetu lilikuwa ni kuhesabu pumzi zinazoingia chumbani kwake.

Ubaya wa chumba cha uani ulijificha kwa wiki tatu. Bibi alianza kurudisha sahani nusu. Kwanza nikadhani ni mboga, nikabadilisha, nikampikia migebuka kwa mawese anavyopenda. Sahani ikarudi nusu. Nikagundua hajawahi kula peke yake maishani mwake. Tukaanza kutandika mkeka uani saa kumi na mbili jioni, yeye mlangoni kwake, sisi hatua tatu mbali, kila mtu na sahani yake, na hadithi zikapigwa kama zamani. Sahani zikaanza kurudi tupu.

Simwelezi msomaji habari hii kwa ajili ya huruma tu. Mtu wa sukari anayemeza baadhi ya dawa za kushusha sukari, na zaidi anayechoma insulini, asipokula sukari inaweza kushuka ghafla: jasho, kutetemeka, maneno kuchanganyika. Akiwa anajitambua na anaweza kumeza, mpe vijiko vidogo vinne vya sukari kwenye maji au soda ya kawaida, subiri dakika 15, upime tena. Akiwa hajitambui usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Kwa upande mwingine, homa na maambukizi hupandisha sukari, kwa hiyo siku za kuumwa ndizo za kupima zaidi na kunywa maji mengi. Asiache dawa kwa sababu "anaumwa kitu kingine", na mwenye insulini asiikatishe bila kuongea na mtoa huduma.

Kwake mwenyewe, mtaa ukimhudumia

Mwalimu alisema nyumba ile ameijenga kwa mkopo wa miaka mingi na haitoki ng'o. Majirani wakapanga. Kila asubuhi kabla ya saa 2 alitakiwa atundike kitambaa cha bluu dirishani, kilekile alichokuwa anafutia miwani. Kitambaa kikiwepo, hakuna anayemsumbua. Kisipokuwepo, wa kwanza kuona anabisha hodi. Kina mama wa kikoba walitenga fedha kidogo ya bodaboda ya dharura. Kijana mmoja alichukua kadi yake ya kliniki kila mwezi akamchotea dawa dirisha la wazee, mwalimu asipange foleni na wanaokohoa.

Mwanzoni mapenzi yalizidi. Kila nyumba ilileta uji, kila mtu aliingia "kidogo tu" kumjulia hali, na nilipohesabu siku moja walikuwa wameingia watu tisa. Ikabidi mjumbe wa mtaa aseme wazi: wawili tu ndio wanaoingia, wengine chakula wakiache barazani, wamsalimie dirishani. Waliona haya, wakakubali.

Halafu usiku mmoja jirani wa ukuta kwa ukuta, mmoja wa wale wawili, alimpelekea ugali akaona vitu viwili. Mwalimu hakumaliza ugali, na alimwita kwa jina la mdogo wake aliyekwisha kufa. Hakuwa na homa. Hakuwa anakohoa. Mtu mgeni angesema ni uzee. Jirani yule aliyekula naye miaka kumi alisema huyu si yeye. Hospitali walipomwekea kifaa cha kidoleni oksijeni ilikuwa asilimia 86. Alilazwa siku 11, akarudi kwa miguu yake.

Ndivyo ugonjwa huu unavyoweza kuwaingia wazee: bila homa, kwa kuchanganyikiwa, kuanguka, kulala sana, kukosa hamu ya kula. Anayeweza kuliona ni aliyemzoea.

Ukiziweka pamoja

Kwa kuepuka watu, kijiji kinaongoza kwenye makaratasi, ila mnada, misiba na wageni kutoka mjini hupunguza ushindi huo haraka. Chumba cha uani kinategemea nidhamu ya wenye nyumba. Kwake mwenyewe kunaongoza kwa kweli, mradi wanaoingia wasizidi wawili.

Kwa dawa, kijiji cha ziwani kiko nyuma sana. Cha barabarani, mathalani njia ya Kalinzi au Manyovu, kina afadhali, maana gari linapita hata ziwa likichafuka. Mjini unaweza kukosa dawa kituo kimoja ukaipata cha pili siku hiyohiyo.

Usiku ndio unaoamua. Kutoka Ujiji hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, ni mwendo mfupi wa bajaji. Kutoka kijiji cha ziwani unasubiri kupambazuke, unasubiri upepo utulie, unasubiri nahodha. Mtu ambaye oksijeni yake imeshuka hana muda wa kusubiri vyote vitatu.

Fedha: wengi hudhani kijijini ni bure. Jumlisha nauli za kutuma dawa, vocha za kupiga simu, na safari ya dharura ya kumrudisha, halafu linganisha na dirisha la pili na ndoo. Kumbuka pia kwamba sera ya nchi inataka wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bure kwenye vituo vya serikali. Kitambulisho chake fuatilieni kupitia serikali ya mtaa sasa, siku hakuna ugonjwa, kwa sababu siku ya msukosuko hakuna mwenye muda wa kukiandaa.

Kwa kuondoa upweke, kijiji kinashinda bila ubishi.

Ugonjwa wenyewe ni upi?

Nimezungumzia korona kwa sababu ndiyo tuliyoishi nayo, na ingawa Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023, virusi vyake havijaondoka. Lakini mpangilio unaofaa kwa ugonjwa wa hewa haufai kwa kila ugonjwa.

Kipindupindu huja kwa maji na chakula. Mei 2015 wakimbizi kutoka Burundi walifurika Kagunga, wakawa wengi kuliko vyoo na maji safi, na kipindupindu kikalipuka. Mlipuko wa namna hiyo ukija, kumpeleka mzee kijiji kinachokunywa maji ya ziwa ni kumpeleka kwenye ugonjwa. Abaki penye maji ya kuchemsha au yaliyotiwa dawa, ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, iwe ndani ya nyumba. Ikikosekana, lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, akiendelea kunywa njiani kuelekea kituoni.

Marburg, iliyotokea kwa majirani zetu wa Kagera mwaka 2023 na tena 2025, ni habari nyingine kabisa. Huenezwa kwa kugusa damu na majimaji ya mgonjwa au maiti. Hapo hakuna cha chumba cha uani wala jirani mwema: mwenye dalili ahudumiwe na wataalamu wenye mavazi ya kinga, na familia isimguse. Ukiwa na wasiwasi wowote piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, kabla hujamgusa wala kumsafirisha.

Nani achague ipi

Mzee anayechoma insulini, mwenye moyo, figo au pumu inayosumbua: mjini, chumba chenye hewa, mhudumu mmoja. Hapo sioni nafasi ya mjadala. Insulini isiyofunguliwa inataka friji. Inayotumika ikae mahali pa ubaridi kwa muda ulioandikwa kwenye kasha, na mahali pasipo na friji mtungi wa udongo uliolowekwa maji husaidia.

Mzee asiye na maradhi sugu, mwenye nguvu zake, na kijiji chake kiko kwenye barabara: kijijini panafaa, lakini aende na vitu vyake vya miezi miwili, pamoja na dawa yoyote anayotumia, na aende mapema. Safari inayofanywa baada ya ugonjwa kupamba moto ni ya kusambaza.

Mzee mwenye akili timamu anayekataa kuhama: msimhamishe kwa nguvu. Pangeni mtaa. Mkiwa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika mtaa wenu, awe mmoja wa wale wawili.

Kwa anayetumia ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, popote atakapokaa, kitu cha kwanza ni kuongea na kliniki yake kabla ya kusafiri. Walio imara kwenye matibabu hupewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja. Mjamzito asipelekwe mbali na mahali atakapojifungulia, na mahudhurio ya kliniki yasikatwe kwa hofu. Asiyeona anaongozwa kwa kushikwa kiwiko, kwa hiyo "usimguse" kwake ni kumfungia ndani: mpeni mtu wake mmoja, mwenye mikono iliyonawiwa. Kiziwi anayesoma midomo amefungiwa lugha na barakoa. Simameni nje penye hewa, mbali kidogo, muishushe muongee naye.

Nyungu nayo inaulizwa kila kikao, acha niseme. Mvuke unaweza kulegeza kamasi na kumpa mtu raha, lakini hauui virusi mapafuni, na mzee aliyefunikwa blanketi juu ya sufuria inayotokota akiyumba kidogo ameungua. Kwetu tuliiacha. Chanjo ilipoanza, tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia alipochanjwa hadharani, wenye miaka 50 na zaidi na wenye maradhi sugu walikuwa kundi la mwanzo. Bibi na mwalimu walikwenda kwa bajaji moja, wakachoma ile ya Janssen ya dozi moja, na bibi alilalamikia mkono siku mbili.

Kabla ya uamuzi wowote, andikeni karatasi. Yetu ipo bado nyuma ya mlango wa chumba cha uani, imeshika moshi pembezoni. Ina majina ya dawa na saa zake, tarehe zitakapoisha, simu ya dereva wa bajaji anayepokea usiku, na namba 199. Chini yake kuna dalili za kuondoka naye bila kusubiri asubuhi: anashindwa kumaliza sentensi bila kuhema, kifua kinauma, midomo imebadilika rangi, haamki vizuri, oksijeni iko chini ya 90. Ikiwa 90 hadi 94, aonwe na mtoa huduma siku hiyohiyo. Safari hii tuliiandika bibi akiwa amekaa katikati yetu, na mstari wa mwisho aliutamka yeye, tukauweka kama ulivyo: "Nikianza kuongea nisiyoyajua, nipimeni sukari kwanza."